Kupimwa kwa Lugha Tatu: Huduma ya Disleksia Niliyoipata Kisumu

Tangu Januari, kila Jumamosi asubuhi, mimi na mwanangu wa miaka 10 hupanda matatu kutoka Maseno hadi Kisumu, kisha bodaboda hadi kwenye nyumba moja ya mawe iliyo karibu na soko la Kibuye. Humo, mwalimu mstaafu wa elimu maalum, akisaidiwa na vijana wawili, hupima na kufundisha watoto wenye disleksia, yaani watoto wenye akili timamu, macho mazuri na masikio mazuri, lakini ambao kusoma na kuandika kunawalemea kupita kiasi. Mwenye huduma ameniomba nisitaje jina lake wala namba yake ya simu kwa sababu tayari ana watoto wengi kuliko anavyoweza kuwahudumia, nami nimeheshimu ombi hilo. Hata hivyo nimeona niieleze huduma yenyewe kwa kina, kwa kuwa mzazi aliye Siaya, Vihiga, Kakamega au Nakuru anaweza kukutana na huduma ya namna hii karibu naye, asijue la kuuliza kabla ya kutoa pesa. Swali ninalotaka aulize kwanza ni moja: mtoto wangu atapimwa kwa lugha zipi?

Nyumbani kwetu lugha ni tatu. Mume wangu ni Mluo, mimi natoka Maragoli, na kwa kuwa tulipooana hakuna aliyeijua vyema lugha ya mwenzake, Kiswahili kikawa lugha ya nyumba. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye boma moja, huzungumza Dholuo na mjukuu wake. Shuleni ni Kiingereza. Mimi mwenyewe hufundisha Kiswahili katika shule ya upili, na hapo ndipo lilipo kosa langu ambalo sitalificha. Kwa miaka miwili nilimtazama mwanangu akisoma Kiswahili polepole, kidole kikifuata mstari, silabi moja moja, lakini bila kukosea sana, nikajiambia kwamba mtoto anayeweza kusoma neno kama "mwanafunzi" hadi mwisho hawezi kuwa na tatizo la kusoma. Kama Kiingereza kinamshinda, basi ni uvivu. Nilimnyima mpira. Nilimkalisha mezani hadi saa tatu usiku akinakili maneno ya Kiingereza mara kumi kumi. Usiku mmoja alinionyesha daftari ambamo neno "because" lilikuwa limeandikwa kwa namna nne tofauti katika ukurasa mmoja, ilhali mfano niliomwandikia kwa mkono wangu ulikuwa pale pale juu ya ukurasa. Uvivu hauwezi kuzaa kitu kama hicho, na ndipo nilipoanza kutafuta msaada.

Mahali pa kwanza tulipokwenda, katika mji ambao sitautaja, tulitozwa shilingi 18,000. Mtoto aliwekwa mbele ya kompyuta kwa dakika 40, akasikiliza maagizo ya Kiingereza yaliyosemwa kwa lafudhi asiyoizoea, akaonyeshwa picha za vitu ambavyo hajawahi kuviona, kimojawapo kikiwa kigari cha kuteleza juu ya theluji. Ripoti ilitoka siku hiyo hiyo ikisema kwamba uwezo wake wa akili uko chini ya watoto wa umri wake. Tukauziwa karatasi za plastiki za rangi za kuweka juu ya kurasa, tukashauriwa tuache kabisa kumsemesha Dholuo na Kiswahili ili "ubongo usichanganyikiwe". Tulitii. Kwa muhula mzima mama mkwe wangu, aliyezoea kumsimulia sigana, yaani ngano za Waluo, kila jioni, na ambaye alikuwa amemfikisha katikati ya kisa cha kijiji kilichozama kikawa ziwa la Simbi Nyaima, alinyamaza, kwa sababu Kiingereza hakijui na lugha anayoijua alikuwa amekatazwa kuitumia na mjukuu wake. Wakati huo wote kusoma kwa mtoto hakukuendelea hata kidogo.

Kibuye mambo yalianza kwa namna nyingine kabisa. Siku ya kwanza mtoto hakupimwa. Mwalimu alituketisha mimi na mume wangu kwa saa moja na nusu, akauliza mtoto alianza kusema lini, alisema lugha ipi kwanza, aliwahi kuumwa masikio, anapenda nini, na nani mwingine katika ukoo alipata shida ya kusoma. Mume wangu akamtaja ndugu yake aliyeacha shule darasa la sita, ambaye leo ndiye fundi wa injini za boti anayetegemewa na wavuvi wengi wa Dunga. Mwalimu aliandika jambo hilo na kulipigia mstari, akatueleza kwamba disleksia hufuata damu mara nyingi, na kwamba kumjua mjomba au baba mdogo wa aina hiyo ni sehemu ya kumjua mtoto. Kisha akatutuma hospitalini tupime macho na masikio, akasema hatampokea mtoto kabla hajaona majibu. Ada ya tathmini yote ni shilingi 6,500, na hakuichukua siku hiyo.

Upimaji wenyewe ulichukua asubuhi mbili. Niliruhusiwa kukaa nyuma ya chumba nisiseme lolote. Alianza na michezo ya sauti isiyokuwa na maandishi kabisa: "Sema 'kalamu'. Sasa sema 'kalamu' bila 'ka'." Mtoto akasema "lamu". "Sema 'mkate' bila 'm'." Kimya. Akajaribu: "mka... mate... kate." Mtoto huyu ndiye anayetega vitendawili hadi watu wazima wakatoa mji, lakini kuitoa sauti moja mbele ya neno analolila kila asubuhi kulimtoa jasho. Halafu akaonyeshwa kadi yenye picha tano, kuku, jiko, mti, samaki na kiti, zimerudiwa rudiwa kwa safu, azitaje haraka kadiri awezavyo huku saa ya simu ikihesabu. Vyote anavijua, ulimi ndio uliochelewa kuvifikia. Mwalimu alinieleza baadaye kwamba mambo haya mawili, kuchezea sauti za maneno na kutaja vitu vinavyojulikana kwa haraka, ndiyo yanayomwonyesha mtoto mwenye disleksia katika lugha nyingi zilizochunguzwa, hata kabla hajapewa kitabu.

Kisha kusoma. Kwa Kiswahili alipewa orodha ya maneno halisi, na nyingine ya maneno ya kubuni kama "fimela" na "dobuka", ambayo hakuna anayeweza kuyakariri kwa kuwa hayapo. Katika maneno 40 halisi alikosea matatu tu. Kama mwalimu angehesabu makosa peke yake, mwanangu angetoka pale akiwa mzima kabisa, kama nilivyomdhania mimi kwa miaka miwili. Lakini alihesabu muda: maneno 23 sahihi kwa dakika moja, ilhali watoto wa Gredi ya 4 ambao mwalimu huyo amewasikiliza katika shule za jirani husoma zaidi ya mara mbili ya hapo. Upande wa Kiingereza makosa yalikuwa mengi na mwendo ulikuwa wa chini zaidi, maneno 11 kwa dakika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba shida ilikuwa moja, ila Kiswahili kiliifunika.

Sehemu ya imla ndiyo iliyonifanya niiheshimu huduma hii. Mwanangu aliandika "samba" palipotakiwa "shamba", na "sisa" palipotakiwa "shisha". Mtu asiyeijua nchi hii angeyapigia mstari mwekundu akayahesabu kuwa dalili. Mwalimu aliyaweka kando. Dholuo haina sauti "sh", akaniambia, na mtoto aliyelelewa na nyanya yake huandika kama anavyosikia. Kadhalika mtoto wa Kibukusu anayeandika "papa" kwa maana ya "baba" hana kasoro yoyote ya kusoma, amebeba tu sauti za nyumbani kwao hadi kwenye daftari. Kilichomshughulisha ni mambo mengine: kwamba "mbegu" liliandikwa "begu" mstari wa pili na "mdegu" mstari wa sita, kwamba "b" na "d" zilibadilishana katika neno lile lile, kwamba silabi nzima ilidondoka katikati ya "walimkaribisha". Makosa ya lugha ya mama, alisema, yana utaratibu na hurudi vile vile kila mara. Makosa ya disleksia hayatulii. Nimesahihisha insha kwa miaka 14 bila kuwahi kutenganisha mambo haya mawili, na ninapowakumbuka wanafunzi niliowaandikia "ongeza bidii" chini ya kazi zao, moyo hauna raha. Watafiti Alcock na Ngorosho walionyesha mwaka 2003, wakichunguza tahajia ya watoto wanaojifunza Kiswahili, kwamba hata lugha iandikwayo kwa kanuni zilizonyooka haijifunzwi bila taabu, na kwamba makosa ya watoto yana mpangilio unaoweza kusomwa. Sisi walimu wa Kiswahili tungepaswa kulijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa Dholuo alimpa orodha fupi aliyoitunga mwenyewe, na alinieleza mapema kwamba hiyo si kipimo rasmi bali ni njia ya kusikiliza. Dholuo ina irabu tisa lakini huandikwa kwa herufi tano, na toni haziandikwi, kwa hiyo neno "kendo" linaweza kuwa mafiga ya jikoni, linaweza kuwa kuoa, linaweza kuwa "tena", na msomaji hulitambua kwa maneno yanayolizunguka tu. Msomaji mwepesi haoni shida, maana ameshauona mwisho wa sentensi. Msomaji anayekwenda silabi moja moja hufika kwenye neno kama hilo akiwa amekwisha kusahau mwanzo. Mwanangu alilisoma "kendo" la mafiga kama la kuoa, akacheka mwenyewe kwa kuwa sentensi ilikuwa imeharibika, akarudi na kulisahihisha. Mwalimu alifurahia kicheko kile kuliko jibu lolote jingine la asubuhi hiyo, kwa sababu kilimwonyesha mtoto anayetafuta maana. Baada ya hapo, zile karatasi zilizosema kwamba ana uwezo mdogo wa akili niliziweka chini ya kabati na sijazifungua tena.

Wiki moja baadaye tuliitwa kwenye kikao cha majibu, na ningependa kila huduma ya aina hii iwe na kikao kama kile. Mwalimu alitandika karatasi tatu mezani, moja kwa kila lugha, akasema: "Mwalimu mwenzangu, Mto Nyando ukishuka kutoka milimani unaunguruma kwenye mawe, ukifika tambarare ya Kano unatulia hata usidhani kuna kitu, lakini maji ni yale yale, na watu wa Kano wanajua yanavyoweza kufanya." Kiingereza ndiyo milima. Sauti zake zipatazo 40 huandikwa kwa njia zaidi ya 1,000, wakati Kiitaliano huandika sauti zake 25 kwa njia 33 tu, na Kiswahili kiko karibu zaidi na Kiitaliano. Katika uchunguzi wa Seymour na wenzake uliotolewa mwaka 2003, watoto wa Ufini waliomaliza mwaka wa kwanza wa shule walisoma sahihi takriban asilimia 98 ya maneno waliyoyazoea, ilhali wale wa Scotland, wanaosoma Kiingereza, walipata takriban 34. Hao si watoto wenye shida. Ni watoto wa kawaida, na tofauti imeletwa kwa sehemu kubwa na maandishi ya lugha zenyewe. Basi mtoto wetu anayeanza kusoma kwa Kiingereza, lugha asiyoisikia nyumbani, akichelewa, hilo peke yake halimtii disleksia. Na mtoto asiyekosea Kiswahili, hilo peke yake halimwondolei.

Nilirudi nyumbani nikasoma mwenyewe, maana sikutaka kuamini kwa mdomo tu. Nilikuta kwamba mtafiti Wimmer alikuwa ameeleza jambo hili hili mwaka 1993 kwa watoto wanaosoma Kijerumani: wenye disleksia walisoma maneno karibu yote sahihi, lakini kwa mwendo wa kuchosha. Nilikuta uchunguzi wa Paulesu na wenzake wa mwaka 2001, uliowapima watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano walisoma vizuri kuliko wenzao, lakini picha za ubongo zilionyesha upungufu wa utendaji katika sehemu ile ile ya upande wa kushoto kwa wote watatu. Nilikuta pia kisa cha kijana wa miaka 16 aliyelelewa Japani na wazazi wasemao Kiingereza, kilichoandikwa na Wydell na Butterworth mwaka 1999, ambaye alisoma Kijapani vizuri kama wenzake au kuwazidi, na Kiingereza kikamshinda vibaya. Wachina nao, ambao maandishi yao hayajengwi kwa herufi za sauti, wameonyesha tofauti katika sehemu nyingine ya ubongo, kwa mujibu wa uchunguzi wa mwaka 2004, jambo linalonifundisha kutosema kwa haraka kwamba disleksia ni ile ile kila mahali. Lakini kilichonigusa zaidi ni cha kale kuliko vyote. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, alimweleza mvulana wa miaka 14 ambaye mwalimu wake aliamini angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama masomo yangekuwa ya kusikiliza na kusema tu. Zaidi ya miaka 120 imepita, na nilikuwa na mtoto wa namna hiyo chini ya paa langu, nikimkalisha hadi saa tatu usiku.

Kuhusu lugha za nyumbani, mwalimu alikuwa na neno moja, naye alilisema akimtazama mume wangu: mrudishieni mtoto nyanya yake. Lugha nyingi hazileti disleksia, na msamiati anaoupata kwenye sigana ndio utakaomsaidia kukisia neno ambalo jicho limechelewa kulimaliza. Jioni hiyo kisa cha Simbi Nyaima kiliendelea pale pale kilipokatizwa, na mama mkwe hakuuliza chochote.

Masomo huchukua saa moja kila Jumamosi, shilingi 900 kwa kipindi, mtoto mmoja na mwalimu mmoja. Hakuna kompyuta. Kuna sinia ya mchanga wa ziwani, vibao vya herufi vilivyokatwa na seremala, kioo kidogo cha kumwonyesha mtoto midomo yake anapotamka, na kadi nyingi zilizokatwa kwa mkono. Herufi huandikwa mchangani kwa kidole huku sauti yake ikitamkwa kwa nguvu, na "b" na "d" hazikufundishwa pamoja. "B" ilikaa peke yake wiki tano hadi ikakomaa. Kwa Kiingereza, mafunzo huenda sauti kwa sauti, kanuni moja kwa wakati, na yale maneno yasiyotii kanuni hukaririwa machache machache, matatu kwa wiki, hayazidi.

Lakini ninalotaka walimu wenzangu walione ni jinsi wanavyofundisha Kiswahili. Silabi zetu, ba, be, bi, bo, bu, mtoto mwenye disleksia huzishika mwishowe. Kinachomshinda ni urefu wa maneno. Neno kama "hawatatusomea" lina herufi 13, nalo kwa Kiingereza ni sentensi nzima. Mwanangu alikuwa akilipanda kama ngazi, ha, wa, ta, tu, so, me, a, na akifika juu hana habari amepita wapi. Siku hiyo mwalimu alilikata kwa namna nyingine, kadi saba za rangi: ha, wa, ta, tu, som, e, a. Akamwuliza: "Ukiitoa 'ha' hii ya mbele, neno linakuwaje?" Mtoto akaiondoa kadi, akatazama, akasema, "Watatusomea. Sasa wamekubali." Akairudisha. "Wamekataa tena." Akabadilisha "tu" akaweka "ku", akabadilisha "ta" akaweka "li", akacheza na kadi zile kwa dakika 20 bila kuambiwa. Viambishi hivi nimevifundisha kwa miaka yote hiyo kama somo la mtihani, nikichora visanduku ubaoni na kuwataka wanafunzi wataje kiima, njeo na yambwa, na sikuwahi kufikiri kwamba vinaweza kuwa vishikio vya mtoto asiyeweza kusoma. Mwandishi wa Kiingereza hawezi kuandika mafunzo hayo, kwa sababu lugha yake haiyahitaji, na mafunzo ya kuagizwa kutoka nje hayana kadi hizo hata ukiyalipia mara kumi.

Mwezi Agosti alipimwa tena. Kiswahili, maneno 49 kwa dakika, Kiingereza, 19. Sitasema kwamba yote ni kazi ya Kibuye, kwa kuwa mtoto amekua kwa miezi minane, shuleni amepata mwalimu mpole, na mimi nimeacha kumwadhibu. Tahajia ya Kiingereza bado ni mbaya. Mwalimu alitwambia tangu mwanzo kwamba hatamponya, kwa kuwa disleksia si ugonjwa wa kupona, na kwamba huenda akasoma polepole maisha yake yote. Anachoahidi ni kwamba atasoma. Nilizipeleka pia zile karatasi za rangi nikamwuliza. Akasema hajaona ushahidi wa kutosha kwamba rangi ya karatasi au umbo maalum la herufi hutibu disleksia, lakini mtoto akizipenda asinyang'anywe, na kwamba kama nina pesa za ziada ninunue vitabu vya hadithi vyenye maandishi makubwa. Huduma isiyokuuzia kitu imenipa imani kuliko ile iliyoniuzia.

Kuna mapungufu, na mzazi ayajue. Chumba kiko jirani na mafundi wa mabati, na ifikapo saa nne asubuhi nyundo zao zinamwondolea utulivu mtoto ambaye kazi yake yote ni kusikiliza sauti ndogo. Omba kipindi kinachoanza saa mbili asubuhi. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza kigumu, kurasa sita, na mama mkwe, aliyestahili kuijua kuliko wote, ilibidi nimfasirie. Nililalamika, na sasa hutoa ukurasa mmoja wa Kiswahili pamoja nayo, ingawa ukurasa wa Dholuo bado tunaungoja. Stakabadhi hucheleweshwa, kwa hiyo tunza ujumbe wa M-Pesa. Hawaendi shuleni kuzungumza na mwalimu wa darasa isipokuwa ukiwalipia nauli, na hilo ni kosa, kwa sababu saa moja ya Jumamosi haiwezi kushindana na siku tano za darasani. Viwango wanavyolinganishia vimetokana na watoto wa shule chache za hapa karibu, si vya taifa, na wao wenyewe husema hivyo.

Tena ripoti yao haichukui nafasi ya ile ya serikali. Ukitaka mtoto atambuliwe rasmi ili afikiriwe muda wa ziada kwenye mitihani, utahitaji pia kupita katika vituo vya umma vya tathmini, EARC, ambavyo vimekuwapo tangu 1984 na vinapatikana katika kaunti zote. Mwalimu wa Kibuye humtuma kila mzazi huko, na hilo ni la kumsifu. Nenda na madaftari ya zamani ya mtoto, ya lugha zote, hata yale yaliyochanika, maana ndiyo yatakayosema mengi zaidi. Usiende na mtoto mwenye njaa. Gharama ya masomo, ukijumlisha nauli zetu mbili, inakaribia shilingi 6,000 kwa mwezi, na ninajua kwamba kwa familia nyingi za kwetu hiyo ni karo ya mtoto mwingine. Vijana wale wawili wameanza kufundisha watoto wanne wanne kwa shilingi 300 siku za Jumatano, na wazazi niliozungumza nao wanaridhika.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama mmoja jirani yetu, mwenyeji wa Nyamira, na bintiye wa miaka minane ambaye nyumbani husema Ekegusii tu. Mwalimu alimsikiliza mtoto kwa muda mrefu, akacheza naye michezo ya sauti kwa Kiswahili kidogo alichonacho, kisha akamwambia mama yake kwamba hawezi kumpima, kwa kuwa Ekegusii haijui, na akimpima kwa Kiswahili na Kiingereza pekee atakuwa akipima ugeni wa lugha na kuuita disleksia. Hakumtoza. Alimpa jina la mwalimu wa elimu maalum wa Kisii anayeisema lugha hiyo, akampa pia orodha ya michezo ile ya sauti ili aitafsiri mwenyewe, acheze na mtoto jioni, na aandike kila siku ni lipi limemshinda. Yule mama alisononeka njiani, akaniuliza kwa nini tumetoka mbali hivyo kuambiwa "hapana". Nilimweleza kuhusu kile kigari cha theluji. Tulipofika Maseno alikuwa ameshatafsiri michezo mitatu, na binti alikuwa akijaribu kulisema neno la kwao la maziwa bila sauti yake ya kwanza.